Msipande Kabla Sijafika

Huku mlimani, hoteli ya mbao

Kwako Mama Otieno, mke wangu wa kwanza na wa mwisho (wale wengine walinikataa),

Hujambo hapo nyumbani Seme? Goti lako la kushoto bado linakusumbua? Mimi mzima, isipokuwa pua. Pua iliganda siku niliyofika.

Naandika kwa karatasi kwa sababu huku simu inashika juu ya jiwe moja tu, nyuma ya choo, na watu wanapanga foleni hapo wakisikiliza mambo yako yote. Ya leo siwezi kuyapigia kelele mbele ya wageni. Mwalimu mmoja wa Maseno aliyelala hapa ndiye anakuletea barua. Isome peke yako. Ukimpa mke wa Otieno akusomee, atacheka mpaka aangushe mtoto.

Hoteli yenyewe ni vyumba sita, taa za stima hakuna, baridi ya kukata masikio. Na watu wanatoka Nairobi na magari mazuri kuja kulipia hiyo baridi! Nawapikia supu na chapati, jioni nawawekea chupa ya maji moto kitandani. Mimi pia nalala na yangu. Usinune, ni ya mpira, na alfajiri imeshapoa. Wewe hujawahi kupoa.

Sasa, Otieno alinipigia Jumapili. Mawingu yametanda juu ya ziwa, majirani wameshalima, na yeye na ndugu yake hawawezi kutia mbegu mpaka sisi wazazi tufungue msimu wa kupanda, kama mila yetu inavyotaka. Na wewe unajua tunavyofungua: lazima tulale nyumba moja kwanza. Kijana akaniambia, "Baba, tuma tu koti lako. Mama atalilaza kitandani usiku mmoja, asubuhi tupande."

Nikamuuliza, "Wewe ulizaliwa na koti?" Foleni yote ikacheka.

Lakini mimi nilishuka kwa hilo jiwe bila kicheko. Msimu uliopita nilichelewa, watoto wakanisubiri, mahindi yakakauka yakiwa ya magoti. Uliniambia si kitu. Kilikuwa kitu. Tena mahindi yanauzwa sokoni, Mama Otieno. Nani ataniuzia wewe, unayeninyang'anya blanketi na kulalamika kwamba nanuka vitunguu?

Nikaenda kwa mwenye hoteli, mama mmoja mjane, mkali. Akasema, "Mzee, wageni wa Pasaka wameshalipia. Ukienda sasa, naajiri mwingine."

"Ajiri, Mama. Kitanda changu cha nyumbani ndicho sitaki kiajiri mwingine."

Akaenda stoo, akanifungia nusu gunia la viazi. Kwa hiyo kazi imeisha, usiniulize tutakula nini.

Jumatatu nashuka na lori, Jumanne jioni niko kwako. Msalimie dada yako anayekaanga samaki kule sokoni Mamboleo, na wajukuu wote, hata yule mwizi wa sukari. Waambie vijana wanoe majembe, wangoje. Lakini Jumatano asubuhi mtu asibishe mlango wetu. Tutatoka tukimaliza kulala.

Ni mimi mzee wako ninayetetemeka,
Baba Otieno