Mama mkwe anataka kupika mbegu za maua yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijaua mtu.

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Chamwino, kwetu Lushoto, na mama yangu mzazi, sasa marehemu, alikuwa akipanda yale maua yanayotambaa kama njegere, switi pii, akiyakata asubuhi na kuyaweka kwenye glasi ya chai mezani hadi nyumba nzima inanukia, basi mwaka huu dada yangu akanitumia mbegu nami nikaziloweka usiku mmoja nikazipanda Aprili kando ya uzio, nikatia samadi ya ng'ombe wa jirani, nikafunga kamba zipandie, na baridi ya Juni ilipoingia yakachanua, ya zambarau na meupe na ya waridi, nikawa nakata kila baada ya siku moja, maana haya ukiyakata yanaongezeka na ukiyaacha yafunge mbegu yanakoma.

Wiki hiyohiyo akaja mama mkwe wangu, Mama Emilia, kutoka Busi, kutibiwa mtoto wa jicho. Sasa mshauri, huyu ni mama aliyelea watoto saba kwa maji ya kufukua kwenye mchanga wa korongo, na hapa kwetu maji yanatoka mara mbili kwa wiki, akanikuta namwaga ndoo nzima kwenye mizizi akauliza, "Mwanangu, hiki kinachokunywa maji yote haya ni kitu gani?" nami nikaona aibu kusema ni maua, nikajikuta nimejibu, "Ni njegere, mama." Kesho yake akanikuta na mkasi. "Unakata ua la njegere? Sasa utakula nini?" Tangu siku hiyo sijakata hata moja, yakafunga maganda, yakakoma, nyumba haina harufu tena, imebaki miche mitatu tu yenye ukijani pale kivulini. Na yeye wakati wa maua alikuwa kila asubuhi anapeleka kigoda chake uzioni, nadhani akilinda njegere zisiibwe, siku hizi amerudi kukaa barazani.

Juzi amechuma maganda yote, ameyaanika kwenye ungo, ameyapukuchua, kopo limejaa. Anasema Jumamosi ya wiki ijayo akirudi Busi atawagawia wenzake wa jumuiya, kwa kuwa mbegu iliyovumilia upepo wa Chamwino haitashindwa na Busi, ila kwanza tupike kidogo tuonje. Mshauri, nimesoma kwamba mbegu hizi zina sumu! Mara mbili nimemwambia gesi imeisha, akanijibu mkaa upo. Mume wangu Castory anajua kila kitu, anasema, "Hayo ya jikoni msiniingize." Nimenunua njegere kavu sokoni nimezificha kabatini, nataka nizibadilishe akiwa hospitali. Je, nifanye hivyo? Naogopa akijua atanidharau, na ndiye mama pekee niliyebaki naye.

Ritha, Chamwino

*

Marahaba, Ritha.

Nilipoisoma barua yako nilikupigia simu saa ileile, sikungoja gazeti litoke. Kopo umeliondoa jikoni, vizuri. Na wasomaji wengine wasikie: mbegu za ua hili si chakula, ziwe mbichi, kavu, za kuchemsha au za kukaanga.

Sasa wewe. Umesoma hadi ukaajiriwa, ukashindwa kulitaja ua. Aibu yako naielewa, sikucheki. Kumwaga ndoo ya maji safi mbele ya mtu aliyefukua mchanga ili anywe kunahitaji uso mkavu, na wewe huna. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yako ilikuwa inaishia kwenye sufuria, kisha kwenye masufuria ya Busi ambako hakuna aliyesoma ulichosoma wewe.

Hizo njegere za sokoni zipikeni mzile. Za kwako ni ndogo na nyeusi, za sokoni ni kubwa na za kijani. Mama Emilia amezipukuchua mwenyewe, kwa vidole vilivyochambua nafaka miaka hamsini. Ulidhani angepokea kopo jingine akakushukuru?

Castory, kama unasoma: sumu iliyokaribia kuingia kwenye sahani ya mama yako si ya jikoni. Ni yako pia. Keti hapo mkeo anapozungumza.

Ritha, leo ukitoka kazini, kabla hujavua hata viatu, mwambie hivi: "Mama, nilikudanganya. Si njegere, ni maua. Mama yangu alikuwa akiyapanda. Mbegu zake zina sumu." Usiongeze "ila". Atakasirika, na ana haki. Atakuuliza kuhusu maji, nawe umwambie kwamba kuanzia sasa maua yatakunywa maji yaliyooshea mchele na mboga, kisha ufanye hivyo kweli. Mbegu azimwage yeye mwenyewe kwa mkono wake, ajue zimekwenda wapi.

Miche mitatu iliyobaki, ondoa kila ganda, mwagilia jioni. Huenda ikachanua tena kabla ya joto, huenda isichanue. Ikichanua, kata asubuhi jua halijawa kali, ua la chini likiwa limefunguka na la juu bado, na usiache hata moja lizeeke kwenye mche.

Mwisho, isome tena barua yako. Unasema mama mkwe alikuwa akikaa uzioni kulinda njegere. Njegere zilipokomaa, wakati hasa wa kulindwa, ndipo alipohamisha kigoda. Na mtu mwenye ukungu machoni angemwona mwizi gani? Njegere hazinukii, Ritha. Hukumuuliza alikuwa akifuata nini pale, kwa kuwa ulikuwa na kazi ya kuficha mkasi.

Ua la kwanza litakalotoka, usiliweke mezani. Mpe mkononi, kisha nyamaza.