Jina la Syombua

Mbumbuni, Jumapili, Agosti 1984

Heri nisingeenda kabisa.

Nilienda kujionyesha, nakubali. Wiki hii nimepata barua kwamba makala yangu ya saratani ya damu inatajwa na madaktari Ulaya, India, kila mahali. Nikaona nimpelekee Syombua nakala, yule nyanya ambaye mjukuu wake alifia wodini kwangu. Bila damu ya huyo mtoto nisingeandika kitu.

Nyanya alienda ngumbaru, darasa la watu wazima, akajifunza kusoma neno moja, jina lake. Na ndilo mjukuu alipewa, vile sisi Wakamba hufanya. Nikamwonyesha jina langu pale juu. Basi akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, polepole, akilitafuta. Ningemwambiaje kwamba humo mtoto anaitwa "mgonjwa wa tatu"?

Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Daktari, lako ni hili hapa juu. Letu liko wapi?"

Nikamwambia ni sheria ya kazi yetu, jina la mgonjwa lazima lifichwe.

Akanirudishia zile karatasi.

"Lifichwe? Kwani mtoto aliiba nini?"