Miguu Iwe ya Mwisho

Bute, 9 Januari 2024

Ruweyda,

Salamu utapata baadaye. Miezi minane hujakanyaga hapa, halafu unanitumia mtoto wa mbwa kwa lori! Mimi mzima, magoti tu yananisumbua. Wewe unakula?

Kweli fisi wanamaliza mbuzi. Lakini huyu mlinzi wako kupe wamemjaa masikioni, nikimgusa ananirukia. Nifanyeje? Simu imebaki ya kumulikia tu tangu mlingoti wa mtandao uanguke. Mimi nasema, mwalimu Saado anaandika. Jibu upesi.

Ayeeyo

Garissa, 27 Januari

Ayeeyo, bibi yangu,

Asalaam aleikum. Ninakula. Nisamehe, chuo cha mifugo hakitupi nafasi.

Usimkamate. Mguse mgongo tu, mpe kipande cha nyama, mwache kabla hajakasirika. Kesho mgongo na sikio. Mkono ukiwa mkavu naye mkavu, hakuna najisi. Miguu iwe ya mwisho, ndiyo ambayo mbwa huiogopea zaidi. Na mjomba wangu, abti Kadar, amguse pia. Wenye chanjo ya kichaa cha mbwa watakuja Machi, lazima mtu aweze kumshika.

Mjukuu wako

Bute, 20 Machi

Mjukuu wangu,

Mwili wako mzima? Sisi tumefunga, mbwa ndiye anayekula.

Sasa ananiletea sikio mwenyewe. Kupe wameisha, namchana kwa kitana changu cha zamani. Mwanangu Kadar anacheka: "Hooyo, unamwoza lini?" Nikamwambia amguse. Akasema yeye mtu wa ngamia, hana muda wa kupapasa mbwa.

Siku ya chanjo nilikuwa msibani. Kadar akamkamata mguu. Mbwa akakata kamba, akaingia vichakani. Wenye chanjo hawakungoja. Watarudi lini?

Ayeeyo

Garissa, 15 Aprili

Ayeeyo,

Mko salama? Nimechelewa, nilikuwa na mtihani. Hawarudi mwaka huu. Mpelekeni Wajir achanjwe. Mpaka hapo mfungeni, na akimng'ata mtu, hata kidogo, mtu huyo aende akachomwe sindano siku hiyo hiyo. Mwambie abti.

Mjukuu wako

Bute, 5 Julai

Ruweyda,

Barua yako ya Aprili imefika jana. Mvua ilikata barabara, kisha ikasahaulika dukani.

Mbwa alipigana na bweha. Baada ya wiki chache akaanza kutoa udenda, akakataa hata mkono wangu. Kadar akaenda kumfunga, akang'atwa kidole. Akamuua kwa rungu. Kisha akaosha kidole mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Mimi ndiye niliyemmiminia. Tukasema kimetakata. Najisi ilitoka, ugonjwa ulibaki.

Mwanangu Kadar, mtu wa visima, akawa akiona kikombe cha maji anapiga kelele. Tumemzika Jumatatu.

Hukujua barua itakwama. Mimi pia sikujua habari ya sindano. Usijipige.

Fisi hawajaacha. Nimechukua mtoto mwingine wa mbwa kwa jirani. Mgongo tayari, sikio tayari, na kila mtu wa boma hili anamgusa, apende asipende. Miguu nimekuachia wewe. Ukija, pita kwanza kaburini kwa abti yako. Kisha njoo tumshike. Na safari hii usiniandikie kitu, lete hiyo sindano mkononi.

Ayeeyo