Usiende Mpakani, Mama

Kwako Mama mkwe, ambaye siku zote nimekuita Mama tu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza usumbufu na ulimi bado unawaka vilevile. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako amenifika mabegani, na meno yote yameota isipokuwa moja ambalo naona limegoma. Anakusalimu sana, na anauliza kama ni kweli uliwahi kumfukuza mwalimu wa baba yake ukiwa na mwiko mkononi. Nimemwambia ni kweli.

Shemeji, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Nakuomba leo usirukeruke mistari kama kawaida yako, wala usimalizie kwa maneno yako mwenyewe. Soma kama ilivyoandikwa.

Mama, barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Umesema mvua zikikatika utaondoka kwenda kwenye kambi za mpakani, kambi moja baada ya nyingine, na picha ya mwanao mkononi, kwa sababu mchuuzi mmoja amekuambia kamwona huko mwanaume mwenye mwanya kama wake na kicheko kama chake. Umesema shemeji amekukataza, nawe umemjibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hilo nitalijibu, lakini lina njia yake, na nisipoanzia mbali nitashindwa. Kwa sasa nakuomba kitu kimoja tu: usifunge mzigo kabla barua hii haijafika mwisho.

Nianze na kazi. Nilikuambia kwamba nafagia kwenye karakana ya kutengeneza makochi. Sasa sifagii tena, nimekuwa fundi kamili. Kochi kuukuu likiletwa, mimi ndiye ninayelivua: nang'oa misumari midogo kwa bisibisi bapa, nachana kitambaa cha zamani, natoa sponji lililooza, nakaza mikanda na springi, kisha nalivisha upya. Huwezi kuamini vitu vinavyolala ndani ya makochi ya watu. Nimeokota vitana, funguo, barua za mapenzi, na siku moja seti nzima ya meno ya bandia. Mwenye karakana, mama mmoja mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, huviweka kwenye kopo na kuwarudishia wenyewe. Yule wa meno alikana katakata, na mdomoni hana hata jino moja. Tulicheka mpaka nikajichoma kidole kwa sindano.

Nakueleza haya ujue kwamba nacheka. Miaka miwili ya mwanzo sikuwa nacheka. Mlango ukibamizwa najikuta chini ya meza, na mwenye karakana anachutama kuniuliza kama nimeangusha kitu. Alijua vizuri kwamba sikuangusha kitu, ila alikuwa ananipa sababu ya kuinuka. Na gari lenye turubai sikuweza kulipanda kabisa, kwa sababu ya lile lori lililotuvusha mpaka, watu sitini tumelazwa kama magunia. Kwa hiyo kazini nilikwenda kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

Sasa kuna mtu, Mama. Nimezunguka vya kutosha. Ni dereva wetu wa kubebea makochi. Wanamwita Polepole, maana anaendesha kana kwamba amepakia mayai. Hata baiskeli zinampita. Ni mwenyeji wa huku, mkewe alifariki kwa maradhi, hakujaliwa mtoto, na ana mama mkali kuliko wewe, kama hilo linawezekana. Alipoona natembea, hakuniambia nipande gari. Alikuwa akimaliza kazi analiacha gari karakana, ananisindikiza kwa miguu hadi mlangoni kwangu, kisha anarudi peke yake kulichukua. Alifanya hivyo zaidi ya mwaka, na lugha yao nilikuwa bado naivunjavunja, kwa hiyo njia nzima tulikuwa tunaonyeshana vitu na kutaja majina yake. Siku moja mvua ikatunyea mpaka mifupani, nikamwambia kesho alete gari. Alilileta, kalivua turubai lote. Nilipanda nimefumba macho, na kwa ule mwendo wake sikujua kama tumeondoka au bado.

Nampenda. Nimeliandika na silifuti. Anakoroma, na akishika ubishi haachi mpaka mtu alale, lakini nampenda. Mjukuu wako anamkagua kama mkaguzi wa shule, na juzi alimpa alama sita kwa kumi, akamwambia aongeze bidii.

Wiki tatu zilizopita tulikwenda ofisi ya ndoa. Karani akafungua faili langu, akakuta nilivyojiandikisha nilipoingia nchi hii, kwamba mume wangu hajulikani alipo. Akasema hilo si tatizo. Mtu akipotea miaka saba bila habari, sheria ya huku inamhesabu kuwa hayupo, mradi mzazi wake asaini karatasi moja kuthibitisha kwamba naye hajasikia lolote kumhusu. Akanipa karatasi hiyo nikutumie. Polepole alifurahi, kwake yeye ilikuwa ni saini tu. Nikarudi nayo nyumbani, na nilipofungua mlango nikaikuta barua yako sakafuni, hiyo ya safari. Nikakaa kitako palepale mlangoni na karatasi zote mbili mkononi.

Shemeji, hapa mkalishe Mama kwanza. Na wewe ukae.

Mama, mwanao hayuko kambini. Hayuko kambi yoyote. Alikufa miaka minane iliyopita, siku ya tatu tangu tukimbie, na kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.

Risasi ilimpata kwenye paja tulipokuwa tunavuka daraja. Alitembea siku mbili ameegemea bega langu, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni, na kila nikimwuliza alisema hasikii maumivu. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba na umeanza kunuka. Tukasimama kwenye tanuri la matofali, kwa mzee mmoja na mkewe waliokuwa wamekataa kukimbia. Walimpa maji na kitanda chao. Alifariki saa nne asubuhi. Sitakutungia wosia ambao hakuutoa. Aliuliza kama mtoto amekula, nikamwambia amekula, akafumba macho. Yule mzee alichimba, nami nikachimba, na mkewe akatoa shuka lake jeupe la pekee. Tulimlaza kwa heshima kadiri tulivyoweza, kisha wakanihimiza niondoke, kwa sababu milio ilikuwa inakaribia.

Simu ya kwanza niliyokupigia, miezi minne baadaye, hukunisalimia hata. Ulisema nikuambie tu kwamba yu hai. Nikasema tumepotezana njiani. Lilinitoka, Mama, na lilipotoka nikasikia ukivuta pumzi, ukanishukuru. Nikajiambia nitalirekebisha simu ijayo. Simu ijayo ukaniambia umefua nguo zake zote na kuzikunja. Iliyofuata, umemnyima shemeji chumba chake, kwa sababu mwenyewe akirudi atalala wapi. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiitembea, na sasa unataka kuitembea hadi mpakani na magoti hayo.

Ningependa kukuambia kwamba nilinyamaza kwa kukuonea huruma. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni hii. Mama yangu mzazi na ndugu zangu wote walikwisha siku ile ya kwanza, unajua. Nilibaki na wewe. Nikawaza, mwanao akiwa amekufa, mimi ni nani kwako? Mtoto wa watu tu. Akiwa amepotea, bado ni mkamwana wako. Utaniandikia, utaniuliza nimekula nini, utanigombeza. Nilimweka mwanao hai ili nisikose mama. Hilo ndilo kosa langu, linaniuma, na sina la kujitetea.

Polepole nilimwambia kabla yako. Nisamehe na kwa hilo. Aliniuliza una umri gani. Nilipomwambia sabini na moja, akauliza hizo kambi ni ngapi. Hakuuliza lingine.

Ile karatasi ya ofisi sikuitia kwenye bahasha. Ukishayasikia haya, saini yako juu yake itakuwa kiapo cha uongo, na mwongo mmoja katika ukoo anatosha. Jumatatu nilirudi kwa karani nikabadilisha maelezo yangu. Hakufurahi. Faili limepelekwa kwa wakubwa wake, ndoa imesimama, na kama wataniacha niishi huku au watanifukuza, sijui. Polepole anasema wote wanajua anavyoitwa, kwa hiyo wasimtarajie kuwa na haraka. Mjukuu wako naye nimemwambia, jana baada ya shule. Alilia sana, halafu akauliza nani atamwambia Bibi.

Kama bado unataka safari, Mama, mpakani usiende. Nenda kwenye tanuri. Ukishavuka daraja, shika njia ya kusini. Sisi ilituchukua siku mbili na ushee kwa mwendo wa mgonjwa. Kwa gari haizidi nusu siku. Utaliona bomba la moshi kabla hujafika. Nyuma ya tanuri, upande jua linakochomoza, kuna safu mbili za matofali nilizozipanga mwenyewe. Wale wazee kama wapo, waulize mahali alipolazwa mtu wa shuka jeupe, watakuonyesha. Shemeji, usimwache aende peke yake.

Nawe shemeji, pole kwa kaka yako. Nilikunyima nafasi ya kumlilia, na leo nimekufanya uwe mjumbe wa msiba wako mwenyewe. Najua umesoma yote, na nakushukuru.

Wasalimie majirani, na waambie wanaoweza kuja kukaa na Mama siku hizi waje. Mama, niandikie hata kama ni matusi. Usiponiandikia nitaelewa, ila mimi nitaendelea kuandika, na mjukuu wako ni wako, hilo halina mjadala.

Pole, Mama. Nimechelewa miaka minane kukuambia neno hilo.

Ni mimi,
mjane wa mwanao.