Nacheka Kabla ya Mke Wangu kwa Sekunde Nane

Mshauri mpendwa, najua unasoma shida za watu kila wiki na huenda umechoka, lakini naomba msaada, kwa maana mimi ni mtu mzima, fundi saa wa miaka mingi, na mke wangu amehama nyumba kwa sababu ya sekunde nane.

Tulipokimbia kwetu miaka arobaini iliyopita, tungali vijana, tulibeba sanduku moja na redio moja ya FM, na redio hiyo mpaka leo iko juu ya meza yangu ya kazi, chumba cha mbele, antena nimeifunga kwa waya, inakwaruza kidogo kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema, nami naipenda hivyo hivyo. Mwaka huu binti yetu akamletea mama yake redio ya kidijitali, ikawekwa jikoni. Inasema safi, sikatai, ila ikikosa mawimbi hainung'uniki, inanyamaza tu kama ofisa uhamiaji anayesoma karatasi zako.

Kumbe sauti ya kidijitali huchelewa, maana hukunjwa inakotoka na kukunjuliwa inakofika. Nimepima: sekunde nane. Na sisi tunafuatilia mchezo mmoja wa redio, wa saa kumi alasiri, mwaka wa kumi na moja sasa, mimi huku, yeye kule, mlango wazi. Basi mimi nacheka, kwake mzaha bado uko njiani. "Unanicheka nini?" "Subiri, mama watoto, utaona." Anasubiri, mzaha unafika, umeshapoa. Nikaona nifanye jambo la upendo, nikairudisha nyuma saa ya jikoni kwa sekunde nane ili angalau ipatane na redio yake, nikamweleza kwa furaha, naye akasema, "Yaani mimi umeniwekea saa ya wajinga?"

Halafu Jumanne iliyopita nikapaza sauti, "Maskini, mama mkwe amekufa!" Nilimaanisha mama mkwe wa kwenye mchezo. Mke wangu akaangusha sufuria, kwa maana mama mkwe wangu mimi ni mama yake yeye, ambaye tulimwacha kule kwetu na bado yu hai, akakaa chini sakafuni, mpaka redio yake ilipofika pale pale akaelewa. Akachomoa redio ukutani, akaenda nayo kwa mdogo wake, mitaa miwili kutoka hapa.

Nimemfuata huko mara moja tu. Shemeji akafungua mlango kidogo, akasema, "Shemeji, dada anasema subiri sekunde nane." Nikasubiri, nikitazama saa ya mkononi, nane kamili, nikabisha tena. "Anasema saa yako inakimbia." Mlango ukafungwa.

Sasa kituo kimetangaza kwamba mwisho wa mwezi mtambo wa FM utazimwa, wote tuhamie dijitali. Je, si bora ningoje tu hizo siku kumi na tisa, ugomvi ujifie wenyewe, maana sote tutakuwa tunachelewa sawasawa?

Ni mimi,
Fundi Saa

*

Fundi, shikamoo. Heshima yako nimekupa, sasa nisikilize.

Pole kwa redio yako. Mimi pia nitaukumbuka ule mkwaruzo. Lakini isome tena barua yako kwa jicho lile unalotazamia saa za wateja. Antena umenieleza, mkunjo wa sauti umenieleza. Mwanamke aliyemwacha mama yake akaishi miaka arobaini akiogopa habari moja tu, umempa nusu mstari! Na habari yenyewe ukampigia kelele kutoka chumba cha pili! Alipokuwa sakafuni, wewe ulikuwa wapi? Uliinuka kitini, au ulikuwa unasikiliza mama mkwe atazikwa lini?

Kuhusu saa ya jikoni sisemi kitu, nisije nikamkosea adabu mzee.

Nenda kesho asubuhi. Usivae saa. Shemeji yako akikufanyia mzaha mlangoni, cheka, umestahili. Mkeo mwambie, "Nilikutisha kuhusu mama, nisamehe," kisha ufunge mdomo. Usimfafanulie kilichochelewa, hata kama una hakika, na najua unayo. Muulize mama yake anaendeleaje, mwache aseme mpaka achoke, na kama kuna simu inapatikana kule kwenu, pigeni pamoja. Saa kumi ikifika kaa alipokaa yeye, msikilize redio yake, msiba wa mchezo uwafikie wote wawili kwa pamoja.

Kungoja mtambo uzimwe nakukataza kabisa. Ukienda kesho, atajua umeiacha FM inasema, ukamfuata yeye. Ukienda mwisho wa mwezi, atakufungulia mlango, atakutazama, na ataelewa kwamba umekuja kwa sababu redio yako imenyamaza.