Beseni la Mama Deo

Mdogo wangu Zaina,

Salamu hizi zisome umekaa, maana ukizisoma umesimama utaanguka kwa kucheka na hilo goti lako. Vipi, bado linalia kama mlango wa choo? Na shemeji bado anakoroma, au umeshamziba? Mie mzima, mume wangu Rajabu mzima. Goba hii milima yake inatumaliza miguu, lakini tunakula, tunalala. Nakuandikia na hizi herufi zangu za kisomo cha ngumbaru kwa sababu kwenye simu hadithi ikifika patamu tu unakata, eti vocha. Leo hukati.

Haya, sikiliza. Hapa uani kwetu Rajabu kapangisha chumba na sebule kwa kijana mmoja, Deo, fundi wa madirisha ya aluminiamu. Mkewe anaitwa Neema, binti mpole mpaka anakera. Kajifungua mtoto wa kiume, uzazi wake wa kwanza. Mama yake mzazi mgonjwa huko Singida, kwa hiyo aliyekuja kumuuguza ni mama mkwe, Mama Deo, katoka Tabora. Huyo ni mtani wangu, unajua sie watu wa pwani na wao tulivyo, kwa hiyo namsema bila woga: ana mdomo kama kisu cha buchani.

Mtoto akawa analia kutwa. Kakonda, shingo kama bua la mtama, mapaja yamekunjika kama soksi ya mzee. Neema chuchu zimechanika mpaka damu, kila akimpakata mtoto anauma meno. Na Mama Deo kakaa kizingitini anachambua mchicha, anamchambua na mkwewe humo humo.

"Maziwa makubwa kama mapapai, ndani makavu! Mbuzi wangu Tabora kazaa mapacha na hajaniuliza kitu."

"Mama, yanauma."

"Wakati unaitafuta mimba yalikuwa hayaumi?"

Nisikufiche Zaina, nilicheka. Maneno makali yale, lakini yana utamu wake. Nikaacha kucheka siku aliyosema, "Umembemenda mjukuu wangu." Mbele ya watu, anafua. Eti Neema katoka nje ya ndoa na kichanga mikononi, na uchafu wa huyo bwana umeingia kwenye maziwa, ndiyo maana mtoto anayeyuka. Akapiga marufuku ziwa. Akaanza kumkorogea uji, mtoto hata kitovu kimeanguka juzi! Akatangaza Jumapili atamwogesha dawa, Neema amtaje bwana wake, na baada ya hapo mtoto anaondoka na bibi yake kwenda Tabora, Neema arudi Singida kwa mama yake mgonjwa. Deo alikuwepo. Alikuwa anatazama ndala zake.

Sasa unanijua mie. Nimenyonyesha wanane. Mapacha nilikuwa nawanyonyesha mmoja huku mmoja huku, nguruwe pori akaingia shambani nikamfukuza na jembe na hakuna aliyeachia ziwa. Usibishe, ulikuwepo, ila ulikimbia. Nikamwendea Mama Deo kwa sauti ya asali: "Mtani, unachoka kuchemsha maji ya kumkanda mzazi. Mlete kwangu na mtoto wake, nimkande mie." Mvivu yule! Akashukuru.

Neema alipoingia nikafunga mlango. "Toa ziwa nione."

"Bibi, mama kakataza."

"Mama yako yuko nje anakula karanga. Toa."

Akamweka mtoto. Zaina, nilipoona nikapiga paja. Mtoto kashika kancha ka chuchu tu, anatafunatafuna! "Wewe," nikamwambia, "hiyo unampa ziwa au unampa pipi ya kijiti? Na mgongo umeupinda kama unatafuta sindano. Keti!" Akaanza kulia. Nikamwambia alie huku ananyoosha mgongo.

Nikamgeuza mtoto, tumbo lake kwenye tumbo la mama yake. Nikamwambia asimpelekee mtoto ziwa, alete mtoto kwenye ziwa. Mguse mdomo na chuchu, subiri. Akipanua kama anapiga miayo, hapo hapo mvute, aingie na ile sehemu nyeusi, kidevu kizame kwenye ziwa. Mara ya kwanza tukakosa. Ya pili Neema akapiga kelele, nikamwonyesha kupenyeza kidole pembeni ya mdomo wa mtoto aachie, tukaanza upya. Kisha nikasikia mwenyewe: gulu, kimya, gulu. Kile kichanga kilikuwa kinabugia kama mlevi aliyefunguliwa baa. Neema ananitazama macho yamemtoka.

"Bibi, hainiumi."

"Maziwa yako hayana bwana wala uchafu. Mtoto alikuwa hajui mlango ulipo, na wewe hukumfungulia. Uji mwaga. Kila akitaka, mpe. Ukimaliza kamua kidogo ujipake hapo palipochanika. Na pakizidi au ukipata homa, zahanati, usiniletee mie maiti."

Ikawa kila anapokuja kukandwa, mtoto ananyonya mpaka anapotewa na fahamu kwa shibe. Usiku naye anamnyonyesha chumbani kimyakimya, uji anaumwaga chooni. Mashavu yakaanza kurudi. Mama Deo haoni kitu, yeye anachemsha mizizi.

Jumapili ikafika. Tukakaa uani: yeye, Deo, Neema, na mie na Rajabu kama wenye nyumba. Beseni katikati, maji meusi yananuka kama soksi za mgambo. Mama Deo kamshika mjukuu, anamtazama Neema.

"Mtaje. Aliyetoka nje akinyamaza, mtoto akiguswa na dawa hii hamalizi siku."

"Sina wa kumtaja, mama."

"Mtaje, malaya wewe!"

Ningeweza kusema. Jibu nilikuwa nalo mdomoni kama pipi, kwamba mtoto anashiba, angalieni mashavu. Nikalimung'unya. Nilikuwa nimeshaliona jasho la Deo, linachuruzika na jua hakuna.

Mama Deo akamshusha mtoto, miguu ikagusa maji. Mtoto akaachia ukunga, ule wa njaa, saa yake ya kunyonya ilikuwa imefika. Deo akadhani roho inatoka. Akaruka, akapiga magoti kwenye matope.

"Mama usimwogeshe! Ni mie! Ni yule wa Bunju, niliyemfungia madirisha!"

Mama Deo kabaki kamshika mtoto hewani kama anauza.

Neema hakulia. Akainuka, akamchukua mwanawe, akakaa kwenye kigoda, akafungua khanga mbele ya wote. Mtoto akadaka, gulu, gulu. Ziwa la pili likawa linachuruzika mpaka kwenye goti.

"Kumbe unayo?" Mama Deo akauliza.

"Dawa yako kiboko, mama," Neema akamjibu, mpole vile vile. "Mwenye kosa katajwa tu, yametoka. Sasa nifundishe, maana mie mgeni wa haya mambo. Baba aliyetoka nje, mwiko unasemaje?"

Mama Deo anafuta mikono kwenye khanga. "Asimguse mtoto. Asiingie chumba anacholala."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aache ziwa."

"Basi mama, mchukue mwanao."

Tabora hakwenda mtu. Mama Deo analala sebuleni, na mwanawe kwenye mkeka miguuni pake, fundi mzima na ndevu zake. Na mama huyo huyo anapita majirani kusifia dawa yake ilivyomponya mjukuu, kwa hiyo habari ya Bunju anaitangaza mwenyewe, mie sijafungua mdomo.

Nisalimie shemeji, mwambie habari ya Bunju imhusu. Msalimie wifi yetu mjane, na yule mwanao mkubwa aliyeoa tena, mwambie mie mama yake mkubwa najua.

Nilishafunga, nikafungua tena. Sasa hivi Deo kaja kugonga, mkeka umemtia alama shavuni. Kaniamkia shikamoo mara mbili. "Bibi," kauliza kwa kunong'ona, "mtoto huwaga anaacha ziwa lini?"

Neema yuko dirishani kwake, kampakata mtoto, anasikia.

Nikamwambia kitinda mimba wangu aliacha siku alipoweza kutumwa dukani na kurudi na chenji kamili.

Ndimi dada yako anayekuzidi kwa kila kitu isipokuwa goti,
Fatuma