Maziwa Uliyoyataja Wewe

Masuguru, Korogwe

Baba Glory,

Pole na mnada wa ng'ombe huko Handeni. Sisi wazima, Glory ameota jino.

Majibu yako ya kipimo cha mzio yamerudi kutoka Dar. Daktari kanieleza kwamba walichukua chembe hai za damu yako, wakazichanganya na vyakula ulivyovitaja mwenyewe, waone zitashtukia kipi. Karanga zangu, ulizodai zinakuvimbisha midomo, hazikuzishtua hata kidogo. Zilishtukia maziwa.

Nilishangilia, halafu nikakumbuka. Hapa nyumbani hata chai ya maziwa huigusi. Umeyanywea wapi mpaka ukayataja? Shati lako la mnada uliopita lilinuka moshi wanaofukizia vibuyu vya maziwa kwa Nailantei, yule anayekuuzia ndama, nikalifua tu.

Mwambie damu yako imemkataa. Mimi karanga nimeshakaanga.

Mkeo,
Yasinta